Msusi wa Mheshimiwa

Kichwa kimoja, wasusi wawili. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi saluni kwetu. Mteja akitaka rasta ndogondogo na ana haraka, mimi nashika upande wa kushoto, mwenzangu upande wa kulia, tunakutana utosini. Sasa, kama wewe una mkono mzito na mwenzako ana mkono mwepesi, mteja atatoka kichwa kimevutwa upande mmoja, na jioni atarudi na dada zake wakiwa wamekunja mikono. Kwa hiyo msusi hutafuta mwenza wa mkono kwa makini kuliko wengine wanavyotafuta mume. Mimi wangu nilimpata mapema. Tunamwita Taratibu.

Jina lenyewe ni utani, maana hakuna msusi mwenye kasi kumshinda mtaa mzima. Lakini mteja akishtuka anapovutwa, yeye husema, "Taratibu, taratibu," kana kwamba mteja ndiye anayekimbia. Basi likamganda. Mama mwenye saluni anamwita hivyo, muuza vocha wa mlangoni anamwita hivyo, hata binti yake shuleni ni mtoto wa Taratibu. Jina alilopewa na wazazi wake silitaji hapa. Kasemwa vya kutosha huyu mwanamke bila hata kutajwa.

Ni mwembamba, anacheka kwa mabega bila sauti, na akikopa chumvi anarudisha na kikombe kimeoshwa. Kulikuwa na vitu vyake ambavyo nilivichukulia kama tabia tu za mtu. Hakai akiupa mlango mgongo. Akiumwa anakunywa dawa za duka la kona, hospitali kubwa haendi. Siku ya kupiga kura sisi tulifunga saluni tukaenda kupanga foleni, yeye akasema tumbo linamsumbua. Nikamtania kwamba hilo tumbo lake ni la chama gani. Akacheka kwa mabega.

Mheshimiwa alikuwa mteja wetu tangu hajawa mheshimiwa. Alipopata ubunge hakuhamia saluni za ghorofani, na hilo ninampa, haki yake. Anakuja na mafaili, anayaweka mapajani, anasoma huku tunamsuka. Wakati ule alikuwa amebeba muswada wake kama mama mwenye mimba ya kwanza, hana habari nyingine. Yeye na wabunge wenzake wachache walikuwa wanataka watu waliovushwa mpaka wa nchi wakiwa watoto, wakakulia hapa, wakazalia hapa, wapewe ukaazi wa kudumu badala ya kukamatwa na kupakiwa kwenye malori. Walitaka pia watoto wanaoshikwa mpakani wasilazwe kwenye selo na watu wazima. Aliyaeleza hayo kwa sauti ile ya jukwaani, sisi tukimwinamisha kichwa.

"Nyinyi mnaonaje?" akatuuliza.

Mama mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia akapaza sauti, maana mwenye mashine masikioni huongea kama yuko ng'ambo ya mto. "Warudi kwao! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

Ndipo Taratibu, mikono haijasimama hata kidogo, akasema, "Jembe nilipewa. Nimelima mpaka leo."

Tukadhani anatania. Kisha akaendelea, sauti ileile anayoagizia nyuzi za rasta. Kwao kulikuwa na vita. Mama yake alikufa, shangazi yake akambeba mgongoni, wakapita kwenye mashamba ya mahindi. Shangazi alimwambia ukiulizwa sema mimi ni mama yako. Hakuulizwa, kwa sababu alilala. "Nilivuka nimelala," akasema. "Nilipoamka nikaambiwa huku ni nchi nyingine. Mimi niliona mahindi ni yaleyale." Shangazi naye alishafariki. Karatasi hana, wala hakuwahi kuwa nayo.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa kichwa kilekile, nimeshika kichana. Hasira ilinipanda, na hata leo sijui ilikuwa ya nini. Miaka yote hiyo tumekula sahani moja, anakuja kulisema hili leo, mbele ya mteja? Au alilisema leo kwa sababu ya huyo mteja? Mheshimiwa alifunga faili, akamshika Taratibu mkono, na macho yake yalikuwa yamelowa. Sikuona uongo ndani yake.

Basi ikaja siku ya mjadala. Mama mwenye saluni aliwasha redio kwa nguvu, maana mbunge wetu anazungumza, na sisi ndio tuliokitengeneza hicho kichwa chenyewe. Tukashangilia aliposimama. Alianza na takwimu, tukaendelea na kazi. Halafu akashusha sauti.

"Mheshimiwa Spika, naomba nilieleze Bunge lako tukufu habari za msusi wangu."

Kichana changu kilianguka. Akaeleza yote: mama aliyekufa, shangazi, mahindi, binti anayesoma shule ya msingi hapa hapa mjini. "Alivuka mpaka amelala, Mheshimiwa Spika. Je, tutamhukumu mtoto kwa usingizi wake?" Redioni zikasikika meza zikigongwa, mtu akisema sawa kabisa, sawa kabisa. Jina hakulitaja. Lakini ni nani mtaani asiyejua Mheshimiwa anasukwa wapi, na nani anashika upande wa kulia?

Nilimwangalia Taratibu. Alikuwa anamalizia rasta ya mteja, akaichovya kwenye maji ya moto, akaifuta kwa taulo, yote kama kawaida. Kisha akasema, "Ameieleza vizuri kuliko mimi." Akaenda kukaa kwenye stuli ya nyuma, kule tunakoweka ndoo.

Kilichofuata kilinichanganya kuliko hotuba yenyewe. Nilijiandaa kwa ubaya, na nilikuwa nimeshachagua matusi. Wakaja watu kumpongeza! Muuza vocha akampa mkono, eti amekuwa mtu maarufu. Mama wa mashine ya kukaushia, yuleyule wa jembe, alikuja na kuku. Alimkumbatia Taratibu huku akilia, akamwambia, "Mdogo wangu, kumbe!" Alipotoka, nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia jirani yake kwamba wageni wamezidi mno nchi hii. Nikataka kumrudishia kuku wake. Taratibu akaniambia kuku hana kosa.

Ubaya nao ulikuja, ila umevaa vizuri. Mwenye nyumba yake alimwambia kwa upole kwamba chumba anakihitaji mwisho wa mwezi, ndugu anakuja. Mama mwenye saluni naye akamwita pembeni. "Pumzika kidogo, mwanangu, mpaka upepo upite. Wakija kukagua hapa watanifungia, na nyinyi nyote mtakula wapi?" Alisema huku akimpangusa kitu begani ambacho hakikuwepo. Na ningemlaumu vipi? Kweli wangemfungia. Kila mtu niliyetaka kumkasirikia alikuwa na kipande chake cha haki mkononi. Nikarudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Taratibu akabaki chumbani kwake. Mimi nikawa nasuka vichwa peke yangu, au na msichana mpya mwenye mkono kama wa fundi seremala.

Mheshimiwa akaja mwenyewe, ana haraka, kesho yake anafunga hoja. Alikuwa anang'aa. "Mmesikia? Hotuba imewageuza wengi! Wale waliokuwa wanapinga wameniambia walienda kulala wanaiwaza!" Akaketi, akafungua faili. "Mwenzako yuko wapi?"

"Anapumzika," nikasema.

Nikamsuka. Nilisuka upande wangu kwa ufundi wote alionijalia Mungu, njia zimenyooka, rasta zimelala kama zimepigwa pasi. Nilipofika utosini nikaweka kichana mezani, nikanawa mikono.

"Bado upande huu," akasema, akiugusa ule wa kulia uliosimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa.

"Upande huo una mwenyewe."

"Mlete basi."

"Haji hapa. Kafukuzwa na hotuba yako."

Mama mwenye saluni nusura azimie. Akanikonyeza, akakohoa, akamwita yule msichana mpya. Mheshimiwa akanyoosha mkono kumzuia. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, nusu malkia, nusu mtu aliyetoka kitandani. Akachukua mtandio, akajifunga. "Nipeleke."

Tulipita vichochoro vya nyuma, mimi mbele, yeye nyuma ameinua gauni asichafue, tukamkuta Taratibu anafua sare za binti yake. Hakushangaa. Akajifuta mikono, akaketi kitandani, akamwonyesha Mheshimiwa kigoda, akaanza kumchambua nywele. Na hivyo ndivyo walivyozungumza, mmoja kichwa kikiwa kwenye magoti ya mwenzake. Chumba ni kidogo. Mimi nilisimama mlangoni.

"Nisamehe," Mheshimiwa akasema. "Sikutaja jina."

"Ndiyo. Uliniachia jina, ukachukua mengine yote."

"Lakini imesaidia. Wallahi imesaidia. Wako maelfu kama wewe."

"Najua. Nilisikia. Hata mimi ningekuwa mbunge ningepiga meza." Akavuta. Mheshimiwa akashtuka. "Taratibu," akamwambia.

Nilingoja ugomvi ambao haukuja. Mheshimiwa akamwomba aende akaseme mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge. Taratibu akakataa, akasema maneno yamekwisha, yote yameshasemwa redioni. Kisha akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nimesahau kuliuliza katika kelele zote hizo.

"Sheria ikipita, mimi nimo?"

Mheshimiwa alinyoosha gauni magotini mpaka rasta nzima ikaisha. Halafu akaeleza. Ili muswada upite, wamelazimika kukubali marekebisho ya waziri: kila mwombaji alete karatasi ya siku aliyoingia, au shahidi raia aliyemjua tangu siku hiyo. "Ningekataa, tungekosa vyote," akasema.

"Kwa hiyo hadithi ni yangu, sheria ni ya wengine," Taratibu akasema. Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayehakiki njia kama imenyooka. Akaendelea kusuka. Akamaliza, akachoma ncha, akampa kioo kidogo cha ukutani ajione. Pande zote mbili zilikuwa sawasawa. Mheshimiwa alimkumbatia, na mimi nikatazama sare zilizolowa, maana sikujua nimtazame nani.

Kesho yake redio tena. Mheshimiwa alisimama akapinga yale marekebisho aliyokwisha kuyakubali, jambo ambalo nadhani wabunge wameumbiwa. "Mtoto aliyevuka mafichoni shahidi atamtoa wapi? Msusi wangu atamtoa wapi?" Waziri naye, mtu wa vichekesho, akajibu, "Mheshimiwa Spika, huyo msusi hahitaji shahidi. Bunge zima tumemsikia, Bunge zima ni shahidi wake. Akifika dirishani aseme ni yeye, apokewe. Natoa neno langu." Wakacheka, wakagonga meza, sheria ikapita.

Saluni tulipiga vigelegele mpaka mashine ikazimwa. Nilikimbia mpaka kwa Taratibu, kandambili moja nikaiacha njiani. Neno la waziri! Likiwa limeandikwa kwenye kumbukumbu za Bunge! Taratibu akaketi, akasimama, akaketi tena. "Sasa nivae nini?" akauliza, na hapo ndipo nilipojua kumbe alikuwa anaogopa muda wote huo.

Tulienda ofisi ya uhamiaji yeye amevaa gauni la harusi ya dada yangu. Dirishani alikuwepo kijana mwenye tai. Nikamsukuma Taratibu kiuno, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye yule msusi wa Mheshimiwa."

Kijana akafumba macho. "Hata wewe?"

Akatuonyesha benchi. Walikuwa wamekaa pale wanawake wengine, na wote, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamefika dirishani wakasema ni msusi wa Mheshimiwa. Mmoja alikuwa bibi mwenye mvi. Mmoja alikuwa msichana mwenye mtoto amelala mgongoni. Mmoja alikuwa na kucha ndefu za bandia, na kama huyo ni msusi basi mimi ni rubani. Ndugu msomaji, damu ilinichemka. Hadithi ya mwenzangu, mashamba yake ya mahindi, shangazi yake marehemu, watu wameivaa kama nguo ya mtumba! Nikafungua mdomo nimwoneshe kijana yupi ni wa kweli.

Taratibu akanikanyaga mguu. Alinikanyaga haswa, kwa kisigino cha kiatu alichoazimwa na dada yangu. Kisha akaenda kuketi kwenye lile benchi, kati ya bibi na yule msichana, akamuuliza msichana taratibu, "Wewe ulivukaje?"

"Mgongoni kwa kaka yangu," msichana akasema, akitazama chini. "Mimi si msusi, dada. Nafua nguo za watu. Lakini nilivuka nimebebwa kweli." Bibi naye akasema alivuka kwenye kikapu, alivyohadithiwa. Mwenye kucha alikuwa anazitafuna.

Mkubwa wa ofisi akatoka, jasho linamtoka. Neno la waziri lilikuwa linamhusu mtu mmoja. Akimpokea asiye yeye, kavunja sheria. Akimkamata aliye yeye, kalivunja neno la waziri. Na waandishi wa habari walikuwa wameshafika mlangoni na kamera. Akampigia Mheshimiwa simu aje aonyeshe wa kwake.

Mheshimiwa alikuja. Rasta zetu zilikuwa bado nzuri. Wanawake wote wakasimama, Taratibu pia. Nilijua kwamba kuna wabunge waliokwisha kuuliza kama kumjua mtu asiye na kibali na kunyamaza si kosa la jinai, na kwamba kamera zile hazikuja kumpiga picha mtu mwingine. Lakini nilijua pia kwamba alikaa kwenye kigoda cha huyu mwanamke, kichwa magotini pake.

"Mheshimiwa, tuonyeshe," mkubwa akasema. "Huyo tumpokee, hawa wengine tutajua la kufanya nao."

Mheshimiwa akawapitia kwa macho, mmoja mmoja. Alipofika kwa Taratibu hakukawia kuliko kwa wengine. Mtoto mgongoni akaamka, akalia kidogo, akanyamaza.

"Msusi husimama nyuma yangu," akasema. "Sura yake siijui."

"Saluni hakuna kioo?"

"Kipo. Mimi huwa nasoma."

Mkubwa akamtazama sana. Kisha akawatazama waandishi, akapangusa uso, akaamuru wote wapewe vibali vya muda mpaka kesi zao zisikilizwe, maana hakuthubutu kumkamata hata mmoja. Msichana mwenye mtoto alipiga magoti pale pale sakafuni. Bibi akaanza kumwombea Mheshimiwa dua kwa sauti. Mwenye kucha alitoka mbio kabla mtu hajabadili mawazo. Mheshimiwa alitoka kwa mlango wa nyuma bila kutuangalia.

Nje, juani, mimi na Taratibu tulisimama kando ya barabara, kibali mkononi mwake. Nilisema, "Sielewi. Amekuokoeni au amekukana? Ameogopa kamera au amewaonea huruma wale wenzako?"

"Sijui," akasema. "Labda vyote. Amefanya vizuri. Angenionyesha mimi, yule msichana leo angelala ndani."

"Basi furahi!"

Alikikunja kibali, akakikunja tena mpaka kikawa kidogo kama pipi. Hapo akaanza kulia, yeye ambaye hata siku ya redio hakulia, na wapita njia wakageuka.

"Wewe nilikukanyaga usiseme," akasema. "Yeye sikumkanyaga. Nilikuwa nangoja aseme, shoga. Mara moja tu katika maisha yangu nilitaka mtu mkubwa wa nchi hii aninyooshee kidole aseme, huyu hapa, namjua."

Nikamwambia mimi namjua. Nilisema kwa nguvu, katikati ya magari, nikamwambia tena. Akaitikia kwa kichwa, akajifuta macho kwa mkono wa gauni, akaniuliza kama mteja wa mchana bado anakuja.